Metroid ya 1986: kwa nini unafia Norfair, na kwa nini nywila yako inakataliwa

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimeanza kucheza Metroid ile ya kwanza kabisa, ya kaseti. Mpaka sasa nimepata uwezo wa kujikunja kuwa mpira, mwale mrefu, mabomu, tangi moja la nguvu na makombora 10. Kila nikishuka Norfair nakufa ndani ya dakika chache, na nikiendelea napewa nguvu 30 tu. Juzi niliandika nywila kwenye karatasi, jana gemu ikaikataa. Korido zote zinafanana, sijui tena nimepita wapi. Sitaki kufuata video ya mtu hatua kwa hatua, nataka kuelewa nakosea wapi. Nifanyeje?"

Jibu:

Nzuri, ndugu yangu. Kosa kubwa ni moja: umeshuka Norfair kabla hujamalizana na Brinstar, eneo lile la juu unapoanzia gemu. Huko juu umeacha vitu viwili ambavyo Norfair inadhani unavyo, yaani mwale wa barafu na vazi la Varia. Halafu unashuka na nguvu 30. Ukiunganisha hayo mawili, hata mchezaji mwenye vidole vyepesi hatatoka salama. Metroid haihitaji wepesi mwingi kama watu wanavyodhani. Inahitaji upate vitu kwa mpangilio, ujaze nguvu kabla ya safari, na uwe na ramani ya mkono.

Tuanze na hizo nguvu 30, maana ndizo zinazowakatisha tamaa wengi. Kila unapoanza, uwe umekufa ukaendelea au umeingiza nywila, gemu inakupa 30. Haijali kama una tangi moja au sita. Makombora yako inayakumbuka, matangi inayakumbuka, lakini kilichokuwa ndani ya matangi haikumbuki. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kila kuanza ni kujaza.

Pa kujazia ni kwenye mabomba. Umeshaona sehemu za sakafu zenye mdomo wa bomba, ambapo kadudu kanatoka, kanapanda mpaka usawa wako, kisha kanakuja moja kwa moja? Wadudu hao hawamaliziki, ukiua mmoja anatoka mwingine. Brinstar wanaitwa Zeb, Norfair wanaitwa Gamet. Simama karibu na bomba, geuka kulielekea, na mpige kila mmoja anapofika kimo cha bunduki, kabla hajaanza kuja. Ukisimama mbali, atakuwa ameshika kasi na risasi yako itachelewa. Ukisimama juu ya mdomo wenyewe atakugonga akitoka. Wakifa, baadhi wanaacha duara dogo la nguvu lenye thamani ya 5, mara chache kubwa lenye 20, na wakati mwingine kombora linalokuongezea 2. Nguvu bila tangi mwisho wake ni 99, kwa hiyo kutoka 30 unahitaji maduara madogo 14. Hiyo ni kazi ya dakika chache, ifanye bila kunung'unika.

Ila ukiwa na matangi sita, nguvu kamili ni 699. Kutoka 30 hadi hapo kwa maduara madogo ni 134. Hapo ndipo watu wanapochoka na kuondoka wakiwa nusu. Dawa yake ni hii: ukiokota tangi jipya la nguvu, gemu inakuongezea nafasi na papo hapo inajaza kila kitu. Dunia nzima ya gemu hii ina matangi 8, lakini unabeba 6 tu. Mawili yanayobaki hayakuongezei nafasi, ila bado yanajaza. Kwa hiyo tangi unalolijua mahali pake, usilikimbilie ukiwa umejaa. Liache, likumbuke kwenye ramani, ulichukue siku umeanza upya na 30, au unapokaribia bosi. Mchezaji anayeokota kila tangi mara anapoliona anatupa dawa aliyopewa bure.

Sasa mpangilio wa Brinstar. Mpira, ambao gemu inauita Maru Mari, uko kushoto kabisa pale unapoanzia, na umeshauchukua. Kila tangi la makombora linaongeza 5, na mlango mwekundu unakula makombora 5 kamili kabla haujafunguka. Maana yake, mtu mwenye tangi moja anafungua mlango mmoja tu, kisha lazima arudi kujaza. Wewe una 10, kwa hiyo milango miwili. Usiyamalize kwa wadudu wa kawaida.

Baada ya mabomu, kinachofuata ni mwale wa barafu. Upo mmoja Brinstar na mwingine Norfair. Utafute wa Brinstar. Hapo ndipo mabomu yako yanapoanza kazi. Korido inayoishia ukutani bila kitu chochote huwa haijaisha. Jikunje, tega bomu sakafuni, sogea nafasi moja, tega tena. Fanya hivyo chini ya ukuta wenyewe na kwenye vigae viwili vitatu vya mwisho. Kigae kikipasuka, pita upesi, kwa sababu baada ya muda mfupi kinarudi mahali pake. Wengi hupasua sakafu, wakasita, kikajifunga, wakaamua kwamba hapakuwa na njia. Bomu pia linakurusha juu kidogo ukiwa mpira, na mruko huo mdogo unakufikisha kwenye vitundu vilivyo nafasi moja juu ya sakafu.

Barafu inabadilisha gemu yote. Umemwona yule mdudu anayeruka kwa mstari ulionyooka, huku na huko, na risasi zako hazimfanyi kitu? Anaitwa Ripper. Hayupo pale kukusumbua tu. Ukimgandisha anasimama angani na unaweza kukanyaga juu yake. Subiri afike chini ya mahali unapotaka kupanda, mpige mara moja, ruka juu yake, na ujiandae kuruka tena kabla barafu haijayeyuka. Ukikaa sana, mpige tena akiyeyuka. Sehemu za juu za Brinstar zinazoonekana hazifikiki zinafikika hivyo, na huko juu, upande wa kulia, ndiko liliko vazi la Varia.

Varia linakata nusu ya maumivu unayopata. Ukiwa na nguvu 199 na Varia, ni kama una karibu 400 bila vazi. Hakuna kitu kingine Brinstar chenye faida kubwa hivyo, na inasikitisha kwamba ndicho kinachorukwa na wengi, kwa sababu mlango wa lifti ya Norfair unaonekana mapema na unavutia. Usishuke tena mpaka Samus, yule mhusika unayemwongoza, amebadilika rangi kwa kuvaa vazi hilo.

Barafu ina gharama yake pia. Kuua mdudu kwa mwale huo kunachukua risasi nyingi kuliko mwale wa kawaida, kwa sababu baadhi ya risasi zinaishia kumgandisha na kumgandua. Kwenye mabomba utaona kujaza nguvu kumekuwa polepole. Vumilia, usimwache mdudu mmoja ameganda ukageukia mwingine; mmalize.

Kuna jambo la mikono pia. Samus wa gemu hii hachuchumai, hapigi chini wala hapigi mshazari. Anapiga mbele na juu, basi. Wadudu wanaotambaa sakafuni wako chini ya bunduki yake. Usisimame mbele yao ukifyatua kwa matumaini. Ama ruka juu yao, ama jikunje, tega bomu njiani mwao na urudi nyuma. Na ukiona wadudu na risasi vinapepesa na kutoweka, televisheni yako haina ubaya: mashine yenyewe inaweza kuchora vipande 8 tu vya picha kwenye mstari mmoja wa skrini, na mwili wa Samus peke yake unachukua baadhi. Wakijaa mstari mmoja, punguza wawili kabla ya kusonga mbele.

Sasa nywila. Gemu hii ilitoka Japani Agosti 1986 kwenye diski ya Famicom Disk System, kifaa cha kusoma diski cha mashine ya Nintendo iitwayo Famicom, na mchezaji alihifadhi safari yake kwenye diski yenyewe. Ilipoletwa Marekani kwenye kaseti ya NES, yaani Famicom ya huko, mwaka 1987, kaseti haikuwa na betri ya kutunza chochote, ndipo ikaja nywila ya herufi 24. Nywila hiyo si jina la siri la sehemu fulani. Ndani yake kumeandikwa vitu ulivyookota, milango uliyofungua, mabosi uliowaua, idadi ya makombora, muda uliocheza na eneo utakaloanzia. Kila herufi inachaguliwa kati ya 64: tarakimu 0 hadi 9, herufi kubwa A hadi Z, herufi ndogo a hadi z, alama ya kuuliza na kistari. Mwishoni gemu inaweka namba ya ukaguzi, ambayo ni jumla ya vyote vilivyotangulia. Ukikosea herufi moja, jumla haiwiani na nywila yote inatupwa, hata kama herufi 23 ni sahihi.

Kwa hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba nywila yako ni nzima na kosa liko kwenye mwandiko. Washukiwa ni wale wale siku zote: sifuri na O kubwa, tarakimu 1, I kubwa na l ndogo, pia c, s, v, w, x na z, ambazo kubwa na ndogo zina umbo moja. Chukua karatasi yako ya juzi, tia alama kwenye kila herufi ya aina hiyo, kisha jaribu kubadilisha moja moja. Zikiwa mbili tu zenye shaka, majaribio ni manne kwa jumla, na unaweza kuiokoa. Kuanzia leo, sifuri ikate kwa mstari katikati, herufi kubwa ipigie mstari chini, na andika kwa mafungu ya sita sita kama yanavyoonekana kwenye skrini. Au piga picha kwa simu. Kwenye televisheni ya zamani ya kioo kinene piga tatu nne, maana mojawapo itakuwa na mstari mweusi juu ya herufi. Kisha ukague hapo hapo: chagua kuingiza nywila, iandike kutoka kwenye karatasi, na ikikubali ndipo uzime.

Si lazima ufe ili kuipata. Simamisha gemu kwa Start, kisha kwenye pedi ya pili bonyeza juu pamoja na A. Utatolewa na kupewa nywila. Mashine nyingi za kuiga Famicom zilizoenea kwetu, zile za kaseti za pini 60, zinakuja na pedi mbili, kwa hiyo usiiweke ya pili kabatini. Kama unacheza kupitia Nintendo Switch Online, unaweza kuhifadhi popote na shida hii yote haikuhusu.

Kumbuka tu kwamba nywila inakurudisha mwanzo wa eneo, pale lifti inapokushusha, na si pale uliposimama. Kwa hiyo kabla ya kufunga, jiulize kama unataka kuanzia Brinstar au huko chini.

Kuhusu kupotea: gemu haina ramani, na korido zinafanana kwa sababu kweli ni zile zile. Kaseti ina kilobaiti 128 tu, kwa hiyo waundaji walijenga vyumba kadhaa na kuvirudia tena na tena. Usijaribu kukumbuka kwa macho. Chora. Dunia yote ya Zebes inaingia kwenye mraba wa vyumba 32 kwa 32, kila chumba kikiwa skrini moja. Chukua karatasi ya grafu au daftari la hesabu lenye miraba, hesabu miraba 32 kila upande, na uweke alama ya mwanzo upande wa kushoto, karibu katikati kwa kimo.

Kinachorahisisha uchoraji ni hiki: skrini inasogea ama kulia na kushoto, ama juu na chini, haisogei kotekote kwa wakati mmoja. Kinachobadilisha ni mlango. Korido yote kati ya milango miwili iko kwenye mstari mmoja wa ramani yako. Shimo lote la kupanda liko kwenye safu moja. Ukitoka shimoni kwa mlango wa kulia, uko mraba mmoja kulia, kimo kile kile. Kwa hiyo ukipanda, hesabu skrini: kila skrini inayopita kabisa ni mraba mmoja. Ukifika mlango, chora kistari na uandike rangi. Weka B palipo na bomba la kujazia, T kwa tangi uliloliacha, na alama ya kuuliza kila mwisho wa korido ambao hujaupiga bomu. Baada ya siku mbili tatu karatasi yenyewe itaanza kukuambia: hapa kuna pengo la miraba minne na kando yake kuna ukuta wenye alama ya kuuliza. Nenda huko.

Ukishakuwa na barafu, Varia na angalau matangi mawili, Norfair inakuwa mahali pa kuvunia. Zaidi ya nusu ya matangi 21 ya makombora yamo huko, mengi yamejificha nyuma ya kuta. Humo pia mna viatu vya kuruka juu na ule mruko wa kujizungusha, Screw Attack, unaoua karibu kila unachokigusa ukiwa hewani. Screw Attack ndicho kitu cha kulenga kwanza. Mwale wa mawimbi nao umo humo, ila angalia: huwezi kuwa nao pamoja na wa barafu. Ukiuchukua, barafu inaondoka. Si msiba, kwa sababu unaweza kurudi kuichukua tena, lakini lazima urudi kweli kabla ya Tourian, eneo la mwisho. Kwa anayecheza mara ya kwanza, nashauri auache.

Kabla ya Tourian kuna mabosi wawili wa kuua: Kraid yuko kwenye maficho yanayofikiwa kutoka Brinstar, na Ridley yuko chini ya Norfair. Kwa Kraid utakutana kwanza na mwigo wake, anayekufa bila kukupa zawadi yoyote, usimmalizie makombora. Kraid wa kweli ni mfupi, kimo chake si mbali na cha Samus, lakini miiba ya tumboni mwake inazuia makombora yako. Mkaribie, piga kwenye mwanya kati ya miiba, na ikikubana jikunje utege mabomu miguuni pake. Kwa maoni yangu Ridley ni rahisi zaidi, maana anarudia mwendo ule ule; mtazame mara mbili tatu kabla ya kushambulia. Kila mmoja akifa unaongezewa nafasi ya makombora 75, na kikomo ni 255.

Wakishakufa wote wawili, rudi kwenye sanamu zao Brinstar, zipige, na njia ya Tourian inafunguka. Kabla ya kushuka, jaza nguvu mpaka mwisho na beba makombora yasiyopungua 150. Hesabu yake ni hii. Huko kuna Metroid, viumbe wanaonyonya nguvu walioipa gemu jina lake; kila mmoja anagandishwa kwa barafu kisha anakufa kwa makombora 5. Milango ya rangi ya chungwa inakula 10 kila mmoja. Njiani kwa Mother Brain, bosi wa mwisho aliye ndani ya kioo, kuna vizuizi vitano, kila kimoja makombora 8, na vinajiponya ukipumzika, kwa hiyo usianze kimoja kama huna nane za kukimalizia. Hizo ni 40. Mother Brain mwenyewe anataka 32, ukiacha zinazoishia kwenye kioo chake. Vizuizi ulivyovunja vinabaki vimevunjika kwenye nywila, kwa hiyo hata ukifa kazi haipotei yote.

Metroid akikudaka kichwani usikimbie, maana ananyonya nguvu muda wote huo. Jikunje mara moja na utege mabomu mfululizo mpaka aachie, kisha ondoka chini yake na umgandishe kabla hajarudi. Kwenye chumba cha mwisho wanaoua watu zaidi ni Rinka, vile viduara vinavyotokea hewani, kuliko Mother Brain mwenyewe. Vinakusukuma kwenye shimo mbele ya kioo, na kutoka humo ni kazi. Piga, rudi nyuma hatua moja, subiri kipite, piga tena.

Akifa, saa inaanza kurudi nyuma kutoka 999 na unapanda shimo refu lenye vidaraja vyembamba sana. Hakuna adui hata mmoja humo. Anayeshindwa hapo huwa ameshindwa na haraka: anaruka bila kusimama, anakosa kimoja, anaanguka vitano. Tua, achia mshale, simama kabisa, ndipo uruke kinachofuata. Muda unatosha kwa mwendo huo mpaka kwenye lifti ya juu.